Ukidaiwa Kipande Katikati ya Nairobi: Mwongozo wa Hatua kwa Hatua

Kutoka Nairobi hadi mpaka wa Namanga ni zaidi ya kilomita 150 kwa barabara, na kufika Liboi, kwenye mpaka na Somalia, ni safari ya siku nzima. Hata hivyo, mkazi wa Eastleigh, Kibra, South C au Kayole anaweza kusimamishwa jioni akitoka dukani, akaulizwa maswali ambayo msafiri huulizwa na afisa wa uhamiaji mpakani: unatoka wapi, baba yako alizaliwa wapi, kitambulisho kiko wapi. Huko Marekani, kanuni za serikali zinawapa askari wa mpaka mamlaka ya kufanya ukaguzi hadi maili 100 kutoka mpakani, yaani kama kilomita 160, na ukipima kwa mstari ulionyooka kutoka Namanga, Nairobi yote ingeangukia ndani ya eneo la namna hiyo. Kwetu jambo hili halipimwi kwa maili. Hupimwa kwa mtaa, na kila mtu anajua ni mtaa upi.

Mwongozo huu umeandikiwa watu wa aina tatu: raia ambaye jina, sura au lafudhi yake humfanya ashukiwe kuwa mgeni, mkimbizi anayeishi mjini, na mgeni ambaye karatasi zake ziko sawa lakini hana uhakika wa kuzieleza usiku mbele ya tochi. Nilikuwa nikiishi Eastleigh Aprili 2014, wakati wa operesheni ya Usalama Watch, ambapo karibu watu 4,000 walikamatwa na wengi wao wakazuiliwa katika uwanja wa michezo wa Kasarani wakihakikiwa uraia. Nilichojifunza wiki zile ni kwamba mtu ambaye jamaa zake walijua yuko kituo gani na alikamatwa saa ngapi alitoka mapema, hata kama karatasi zake zilikuwa na kasoro, ilhali mwenye karatasi safi ambaye hakuandikwa popote alitafutwa siku nyingi. Kwa hiyo hatua nyingi zilizomo humu zinalenga jambo moja: kuandikwa, kwa jina sahihi na kwa saa sahihi.

Hatua ya kwanza: andaa karatasi zako kabla hazijahitajika

Beba kitambulisho chako halisi unapotoka, lakini usikubali kiwe ushahidi wako wa pekee. Kipige picha pande zote mbili na uitume kwa watu wawili, mmoja wao akiwa anaishi nje ya mtaa wako, kwa sababu msako unapopita huchukua na majirani pia. Weka nakala ya cheti cha kuzaliwa pamoja na nakala za vitambulisho vya wazazi mahali ambapo mtu mwingine wa nyumbani anapajua. Kifungu cha 14 cha Katiba ya mwaka 2010 kinasema kwamba mtu ni raia wa kuzaliwa ikiwa siku aliyozaliwa mama yake au baba yake alikuwa raia, hata kama alizaliwa nje ya Kenya, na kwa sababu hiyo kitambulisho cha mama kina uzito uleule wa kitambulisho cha baba. Wengi bado huuliziwa baba tu, nao hukaa kimya wakidhani mama hahesabiki.

Kadi ni ushahidi wa uraia. Aliyeiacha nyumbani hajageuka mgeni. Jambo hili laonekana dhahiri likiandikwa, lakini barabarani husahaulika upesi, na mji huu una kumbukumbu ndefu ya kusahau huko. Sheria ya kipande, yaani kitambulisho cha wakati huo, ilipitishwa na serikali ya kikoloni mwaka 1915 ikaanza kutekelezwa baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, na mwanamume Mwafrika alitakiwa kutembea na karatasi hiyo ndani ya kikopo cha bati kilichoning'inizwa shingoni. Kipande kilikuwa miongoni mwa malalamiko ya Harry Thuku, kiongozi wa siasa aliyekuwa amekamatwa, na tarehe 16 Machi 1922 umati uliokusanyika nje ya kituo cha polisi cha Nairobi kudai aachiliwe ulifyatuliwa risasi, Mary Muthoni Nyanjiru akiwa miongoni mwa waliouawa. Bati liliondoka. Neno lilibaki.

Ikiwa bado unangojea kitambulisho, tembea na ile karatasi ya kungojea uliyopewa ulipojisajili. Wapo pia Wakenya, hasa wenye asili ya kaunti za Kaskazini Mashariki, ambao alama zao za vidole zilichukuliwa katika kambi za wakimbizi wakati wa ukame, na tangu hapo mitambo ya serikali inawatambua kama wakimbizi. Kama wewe ni mmoja wao, weka pamoja kila karatasi inayoonyesha kwamba umeomba jina lako liondolewe huko, hata kama jibu bado halijaja, kwa maana afisa atakayeweka kidole chako kwenye mashine ataona nusu ya habari tu.

Mwisho wa maandalizi ni huu: hifadhi kichwani namba ya simu ya mtu mmoja. Simu yako huenda ikawa kitu cha kwanza kuchukuliwa.

Hatua ya pili: barabarani

Simama, toa mikono mifukoni, na usikimbie hata kama hujakosa lolote, kwani mbio ndizo zitakazoandikwa kuwa sababu ya kukukamata. Salimia, kisha uliza kwa sauti ya kawaida: "Afande, nimesimamishwa kwa sababu gani?" Ukipewa sababu, onyesha kitambulisho ukikishika mwenyewe kadiri inavyowezekana. Afisa aliyevaa sare anatakiwa na Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya mwaka 2011 kuwa na jina au namba yake ya kazi mahali panapoonekana kwenye sare. Soma na ukariri. Ikiwa amevaa kiraia, mwombe akuonyeshe cheti chake cha kazi. Kama maongezi yanarefuka, uliza swali la pili: "Je, nimekamatwa, au naweza kuendelea na safari yangu?" Swali hili si la kiburi. Kuanzia dakika unayokamatwa Kifungu cha 49 cha Katiba kinaanza kufanya kazi, na unahitaji kuijua dakika hiyo.

Kifungu hicho kinasema uelezwe mara moja, kwa lugha unayoielewa, sababu ya kukamatwa, na kwamba una haki ya kunyamaza na ya kuwasiliana na wakili pamoja na watu wengine ambao msaada wao unahitajika. Lugha ni sehemu ya haki yenyewe: mzee anayezungumza Kisomali au Kioromo tu ana haki ya kupata mtu wa kumfasiria, na kijana aliye karibu anaweza kulisema hilo kwa niaba yake. Kunyamaza nako kuna mpaka wake wa busara. Taja jina lako na uonyeshe karatasi ulizo nazo, kisha ukatae kwa adabu kujibu maswali kuhusu ukoo, dini au msikiti unaosali. Usidanganye kuhusu uraia wako kwa hali yoyote, kwa maana uongo wa dakika moja hugeuka kuwa kosa linalojitegemea.

Kuna suala la kitu kidogo, na sitajifanya sijawahi kuliona. Katika miaka ile utani wa mtaani ulikuwa kwamba sisi ni ATM zinazotembea. Simlaumu mama aliyetoa shilingi 1,000 ili alale nyumbani na watoto wake, lakini ni vyema ajue anachonunua: Sheria ya Hongo ya mwaka 2016 inamhesabu mtoaji kuwa mkosaji sawa na mpokeaji, na kwa kuwa hakuna kilichoandikwa, kesho kutwa atasimamishwa tena na mtu yuleyule, pahali palepale.

Hatua ya tatu: mlangoni pako

Kifungu cha 31 cha Katiba kinalinda mwili wako, nyumba yako, mali yako na mawasiliano yako dhidi ya upekuzi usio na sababu. Kwa kawaida polisi huhitaji kibali cha mahakama ili kupekua nyumba. Lakini usiambiwe kwamba bila kibali hawawezi kamwe kuingia: sheria ya polisi inamruhusu afisa kuingia bila kibali akiwa na sababu za msingi za kuamini kwamba kitu kinachohitajika katika uchunguzi kimo humo na kuchelewa kutaharibu uchunguzi, mradi aandike sababu hizo na aonyeshe cheti chake cha kazi kikidaiwa. Hivyo usizibe mlango kwa mwili wako. Sema kwa sauti ambayo jirani ataisikia, "Sijakubali upekuzi huu, lakini sitawazuia," uliza kibali, uliza cheti, kisha mtu mmoja wa nyumbani afuatane nao chumba hadi chumba akiandika kinachochukuliwa. Simu ifungwe kwa namba ya siri. Usiifungue kwa sababu tu umeambiwa uifungue.

Hatua ya nne: kituoni

Hapa ndipo mambo hushinda au hushindwa. Binamu yangu alikamatwa Ijumaa moja saa moja na nusu usiku, akiwa amevaa kandambili, ameenda kununua maziwa. Shangazi yangu alifika kituoni saa sita usiku. Kaunta ilikuwa ya mbao, imechakaa pale watu wanapoegemea viwiko, na juu yake kulikuwa na kile kitabu kikubwa cha matukio ambacho Nairobi nzima hukiita OB. Afisa alipitisha kidole kwenye kurasa mbili, akasema, "Mama, huyo wako hayuko hapa." Shangazi alirudia jina, Hassan Ali Noor, mara tatu. Hakuwepo. Kilichomwokoa binamu ni kwamba shangazi aliacha kuuliza jina, akauliza: "Naomba unisomee walioletwa na lori la usiku huu." Akasomewa majina kumi na saba, na la kumi na mbili lilikuwa "Hasan Nur, saa tano usiku".

Mstari ule mmoja ulikuwa na makosa mawili, na yote mawili yanafaa kuchunguzwa kila mara. La kwanza ni jina. Mwandikaji huandika anavyosikia, na majina yetu yana tahajia nyingi, kwa hiyo taja majina yako yote matatu kwa mpangilio wa kitambulisho, herufi kwa herufi ikibidi, pamoja na namba ya kitambulisho, na uombe usomewe kilichoandikwa. La pili ni saa. Saa tano ilikuwa saa ya lori kufika kituoni; binamu yangu alikuwa ameshikwa muda wa saa tatu na nusu kabla ya hapo, na muda huo wote akizungushwa ndani ya lori ukawa kana kwamba haukuwahi kupita. Omba saa na mahali pa kukamatwa viandikwe, kisha uombe namba ya OB na uikariri kama unavyokariri namba ya simu. Jamaa wa nje nao waombe namba hiyohiyo.

Saa ina maana kwa sababu Katiba inataka mtu aliyekamatwa afikishwe mahakamani haraka iwezekanavyo na kabla ya saa 24 kupita. Muda huo ukimalizika nje ya saa za kazi za mahakama, au katika siku ambayo si ya mahakama, unasogezwa hadi mwisho wa siku ya mahakama inayofuata. Ndiyo sababu mtu aliyekamatwa Ijumaa usiku anaweza kukaa hadi Jumatatu bila sheria kuvunjwa waziwazi, nami nina maoni yangu kuhusu misako inayopendelea Ijumaa jioni. Panga chakula, dawa na likizo ya kazini kwa hesabu hiyo.

Ukiwa ndani, unabaki na haki zote ambazo hazipingani na kule kuzuiliwa kwenyewe. Wanawake wanatakiwa kuwekwa mbali na wanaume na watoto mbali na watu wazima, nawe una haki ya kutembelewa na jamaa. Usitie sahihi karatasi usiyoielewa, hasa inayosema kwamba umekiri kuwa si raia. Katiba inakataza mtu kulazimishwa kukiri. Ukiumizwa, mwonyeshe mtu wa kwanza atakayekutembelea, naye aandike tarehe na apige picha mara ukitoka.

Hatua ya tano: kazi ya walio nje

Mtu mmoja aende kituoni na nakala za karatasi, mwingine abaki na simu. Anayekwenda awe na karatasi zake mwenyewe zilizo sawa. Nimeona kaka aliyekwenda kumtoa mdogo wake akabaki pamoja naye. Ikiwa kituo cha kwanza kinasema hayupo, aombe kuzungumza na mkuu wa kituo, kisha azunguke vituo vya jirani, kwa maana kituo cha Pangani kikijaa, watu huhamishwa. Aandike kwenye daftari kila jibu alilopewa, na nani, saa ngapi.

Asiyeweza kumlipa wakili atafute msaada mapema. Kituo cha Sheria kimekuwa kikiwasaidia maskini wa mji huu tangu miaka ya 1970, Refugee Consortium of Kenya hushughulika na wakimbizi, na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2016 iliunda huduma ya serikali kwa ajili hiyo. Ikiwa muda umepita na mtu hajafikishwa mahakamani, au kila kituo kinakana kumjua, wakili anaweza kwenda Mahakama Kuu kuomba amri ya kuwataka wanaomshikilia wamlete mbele ya jaji. Haki ya amri hiyo ni miongoni mwa haki chache ambazo Kifungu cha 25 cha Katiba kinasema haziwezi kupunguzwa kwa sababu yoyote, hata ya usalama wa taifa. Hapo ndipo lile daftari lenye majibu na saa linakuwa na thamani kuliko hotuba ya mtu yeyote.

Hatua ya sita: mahakamani na dhamana

Mara ya kwanza mbele ya hakimu unatakiwa usomewe mashtaka, au uelezwe sababu ya kuendelea kuzuiliwa, au uachiliwe. Una haki ya dhamana yenye masharti ya kadiri isipokuwa pakiwa na sababu nzito za kuinyima, na kosa ambalo adhabu yake ni faini pekee, au kifungo kisichozidi miezi sita, halikupeleki rumande. Mwambie hakimu saa uliyokamatwa ikiwa inatofautiana na iliyo kwenye karatasi. Fedha za dhamana, ziwe za polisi au za mahakama, hutolewa risiti na hurudishwa ukihudhuria kesi. Fedha zisizo na risiti zina jina lingine.

Ikiwa wewe ni mkimbizi

Haki nyingi nilizozitaja ni za kila mtu, kwa kuwa Kifungu cha 49 hakisemi raia, kinasema mtu aliyekamatwa. Kinachokuhusu zaidi ni uthibitisho wa hadhi yako, kwa hiyo tembea na kitambulisho cha mkimbizi au karatasi ya mwomba hifadhi, na kibali cha kusafiri ikiwa umesajiliwa Dadaab au Kakuma. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2021 inakataza kumrudisha mtu mahali ambapo maisha au uhuru wake umo hatarini; ukitajiwa kurudishwa, sema neno "mkimbizi" waziwazi, uombe liandikwe, na uombe idara inayoshughulikia wakimbizi ijulishwe. Serikali ilipotangaza Desemba 2012 kwamba wakimbizi wote wa mijini wahamie kambini, Mahakama Kuu ilifuta agizo hilo Julai 2013 katika kesi iliyopelekwa na Kituo cha Sheria. Operesheni ya 2014 ilikuja miezi tisa baadaye, jambo linaloonyesha kwamba hukumu njema haitembei yenyewe hadi kwenye kaunta ya kituo. Inahitaji mtu wa kuitaja.

Hatua ya mwisho: kutoka

Usiondoke mbio. Hakikisha kuachiliwa kwako kumeandikwa pamoja na saa, na udai kitambulisho chako kabla ya kufika mlangoni, kwa sababu kadi nyingi hubaki kwenye droo za watu. Ikiwa haionekani, omba hapohapo hati ya polisi inayosema imepotea, kwa kuwa bila hati hiyo huwezi kuanza kutafuta kadi mpya, na wala usiku huohuo huna cha kuonyesha kwenye kona inayofuata.

Malalamiko yapeleke ukiwa bado unakumbuka. Mamlaka Huru ya Kusimamia Utendakazi wa Polisi, inayojulikana zaidi kama IPOA, hupokea malalamiko dhidi ya afisa yeyote wa polisi bila malipo, na Tume ya Taifa ya Haki za Binadamu hupokea yanayohusu haki kwa jumla. Andika ukurasa mmoja tu: tarehe, mahali, saa ya kukamatwa, saa iliyoandikwa, jina au namba ya afisa, namba ya OB, majina ya mashahidi wawili. Binamu yangu aliandika wake akiwa kwenye meza ya jikoni Jumanne asubuhi, kandambili zilezile miguuni, na shangazi akimsomea saa kutoka kwenye daftari.